Kanzu Juu ya Chuma

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, na najua, maana simu yangu haikupumzika. Yupo aliyeniandikia kwamba mtu kama mimi anafaa kufungwa mikanda ya mashine yangu mwenyewe na kutembezwa kwa miguu hadi Segera. Ahsante, ndugu. Ningekuwa na uso wa kubisha, ningebisha.

Kwa aliyechelewa: naitwa Habakuki, Mshambaa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo kimoja cha utengamao hapa Kilole, Korogwe. Mimi ndiye niliyeandika lile andiko la kuwashawishi wafadhili watununulie roboti ya kuvaa, miguu ya chuma inayofungwa kwenye mwili wa aliyepooza, ikamsimamisha na kumtembeza kwa betri. Wafadhili walitaka kuona kwenye karatasi kwamba mashine itajilipa. Nikawaonyesha. Nilichukua jedwali kwenye kijitabu cha muuzaji, bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Ernesti, nikalinakili lilivyo, pamoja na mishahara ya huko inakotengenezwa mashine.

Kwa jedwali lile, wasaidizi wetu wawili, Gregori na Elina, waliokuwa wakiwashika wagonjwa kwa mikono yao, walikuwa wanalipwa elfu tisini kwa saa. Wote wawili, zaidi ya milioni thelathini kwa mwezi! Mashine ya milioni mia mbili na sitini ingechukua kazi yao, na ingejilipa kwa miezi tisa.

Kweli yenyewe ni kwamba kila mmoja alikuwa anapata laki mbili na ishirini kwa mwezi. Baadaye, dhamiri iliponikaba, nilirudia hesabu kwa mishahara ya Korogwe. Miaka arobaini na tisa. Na hapo sijatia ada ya matengenezo ya kila mwaka, ambayo peke yake inazidi mara mbili mishahara ya mwaka mzima ya wale wawili. Yaani haijilipi hata Kiyama kikisogezwa mbele.

Lakini andiko lilisifiwa. Nikapewa kitambulisho cha Mratibu wa Roboti, nikalala siku tatu hotelini Dar nikifundishwa kubonyeza vitufe. Niliporudi, Gregori na Elina walikuwa wameshapewa barua za kuachishwa, maana andiko lilisema hawatahitajika, na aliyesema ni mimi.

Sasa Mhina. Huyu ni kijana wa Misima, miaka thelathini na moja, mkulima wa mahindi, na msimu ukiisha anaendesha bodaboda. Fuso lilimsukuma pale Mkata akaangukia mgongo. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema uti wa mgongo umechubuka, haukukatika. Miguu inaweza kurudi, ila mwaka wa kwanza ndio wenye matumaini, na kila siku ya mazoezi ina uzito wake.

Haya ninayosimulia yalitokea mwezi wa nane tangu ajali. Gharama zake zilibebwa na mchango wa ukoo, chini ya mjomba wake, Mzee Awadhi. Mchango ukikatika, Mhina hana mazoezi, na bila mazoezi hana miguu.

Tuliishia pale mkewe, Chausiku, alipoingia mbio kwenye chumba cha mazoezi, simu mkononi, ushungi umemwanguka mabegani.

"Dokta, hii video umeituma wewe?"

Nikatazama. Mhina amesimama wima ndani ya kanzu jeupe, magongo mikononi, anatembea ukumbini kwetu hatua kumi na mbili. Watu wanapiga makofi, kaswida imepamba moto. Chuma hakionekani hata skrubu moja.

"Si mimi," nikasema.

"Basi sikiliza walivyoipokea."

Akabonyeza. Vigelegele vikajaa chumba. Halafu sauti nzito ya mzee: "Alhamdulillahi! Mtoto amesimama! Mbuzi ameshachinjwa, Ijumaa tunakuja kumchukua. Shamba limemsubiri vya kutosha."

"Kundi la Mchango wa Mhina limebadilishwa jina," Chausiku akasema. "Sasa linaitwa Shukrani ya Mhina. Mchango umefungwa leo asubuhi."

"Hukuwaambia ukweli?"

"Nimempigia mjomba mara tatu. Kaniambia mke mwenye mashaka anaharibu dua. Kakata simu."

Mtauliza chuma kilikwenda wapi kwenye ile video. Hapo ndipo ujinga wangu ulipovaa nguo nyeupe.

Siku ya uzinduzi, Mhina ndiye aliyechaguliwa kuonyeshwa. Tulipokwisha kumfunga, akachungulia mlangoni akamwona mama mkwe wake ameketi mstari wa mbele. Akagoma.

"Dokta, siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nimefungwa mikanda mapajani. Bora nibaki nimekaa mpaka nife."

Mahali pengine labda wangemcheka. Huku kwetu mtu akikutana na mama mkwe njiani anatafuta kichaka. Nikaazima kanzu kwa imamu mmoja mnene, pana kama turubai la harusi, tukalivalisha juu ya chuma. Nilijiona mwerevu sana siku ile. Waliokuwa ukumbini walijua kilichomo, maana mashine inanguruma. Lakini kwenye video kaswida iliufunika ule mngurumo wote.

Nikaenda kwa mkurugenzi wetu, Mama Loyce, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maombi na mihuri.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo. Ndugu za Mhina wanadhani amepona."

Alisikiliza yote, kisha akatabasamu.

"Kwani hakutembea?"

"Iliyotembea ni mashine, mama. Yeye alikuwa ndani."

"Habakuki, ukipanda basi kwenda Handeni, aliyefika Handeni ni basi au ni wewe?"

Mtu akisoma sana halafu akatishwa na swali kama hilo, hana wa kumlaumu.

"Ijumaa utamvalisha vilevile," akaendelea. "Atatembea hadi kwenye gari la ndugu zake. Ernesti atakuja kupiga picha. Wafadhili wanataka ushuhuda kabla ya kulipa ada ya mwaka wa pili."

"Na tukishamwingiza garini, tukamvua mashine?"

"Akishaingia garini ni mgonjwa aliyeruhusiwa. Misima si kituo changu."

Na huyo hufungua kila kikao kwa sala!

Nikatoka pale hadi karibu na stendi, ambako Gregori alikuwa amefungua banda la chipsi. Nilitaka aje Ijumaa anisaidie kuwaeleza wazee wa ukoo wa Mhina, maana walimwamini. Aliniona toka mbali, akafuta meza kwa mbwembwe.

"Karibu, Mratibu! Kaa hapa. Umeniletea malimbikizo yangu?"

"Malimbikizo gani?"

"Elfu tisini kwa saa. Si ndivyo ulivyoandika? Elina amepiga hesabu, tunakidai kituo bilioni na ushee. Mimi nataka ghorofa, yeye anataka ranchi."

Wateja wakacheka. Nilistahili.

"Gregori, nimekuja kwa ajili ya Mhina."

Akaacha kucheka. Akainua karai kutoka jikoni, akaliweka chini taratibu.

"Siku naondoka, Mhina alikuwa anatupa hatua kumi na nne kwenye mabomba ya kushikilia. Kwa miguu yake mwenyewe, mimi nimeshika kiuno tu, Elina anasukuma magoti. Sasa hivi anatupa ngapi?"

Nikakiri sijui. Miezi miwili sikuwa nimempima.

"Nenda kampime kwanza," akasema. "Halafu ndiyo uje uniite."

Nilirudi nikampeleka Mhina kwenye mabomba, Chausiku akamshika kiuno. Nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ya tatu goti likakunjika, akaning'inia kwa mikono, jasho likidondoka sakafuni.

Tatu! Kutoka kumi na nne!

Wala hapakuwa na uchawi. Kumfunga mgonjwa mmoja kwenye mashine kunachukua dakika arobaini, na tulikuwa na wagonjwa ishirini na wawili na mtaalamu mmoja, mwenye kitambulisho shingoni. Zamu ya Mhina ilikuwa mara mbili kwa wiki, robo saa kila mara, umeme ukiwepo. Zamani alikuwa anashikwa asubuhi na alasiri, kila siku, na watu wa laki mbili na ishirini. Mashine ilikuwa inamtembeza huku miguu yake ikisahau kazi. Nililia chooni, na sioni aibu kusema.

Mhina mwenyewe alivuta pumzi, akaomba arudishwe kwenye kiti.

Kurudi kwa Gregori na ile tatu niliona haya, na Ijumaa ikafika. Ernesti alikuja mapema na viatu vyake vya ncha kali, kamera shingoni, akinukia duka zima la manukato. Akanipiga begani.

"Mzee, leo tunatengeneza historia. Hii nikiionyesha kwa vituo vingine, nauza tano kabla ya Desemba."

"Mhina amerudi nyuma, Ernesti. Hatua kumi na moja."

"Kwenye picha haitaonekana."

Nikiri na hili, kwa kuwa nimeshaanza kukiri: sikugoma. Nilipiga magoti nikamfunga Mhina mikanda, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejifunga mwenyewe. Tukamvalisha kanzu. Nikabonyeza kitufe cha kusimama.

Mashine ikalia mara tatu. Kwenye skrini yake ndogo yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikayasoma mara mbili. Yalisema mwaka wa leseni, uliohesabiwa tangu mashine iliponunuliwa, umekwisha, na mtambo hautafanya kazi mpaka ada ya mwaka ilipwe.

Mama Loyce akamgeukia Ernesti. "Nini hiki?"

"Ni mambo ya mfumo tu, mama. Napiga simu makao makuu."

"Piga sasa hivi!"

"Huko saa hizi wamelala."

Ushuhuda ulikuwa unatafutwa ili ada ilipwe, na bila ada ushuhuda hausimami. Nilitaka kucheka, lakini honi ikapigwa getini.

Noah mbili ziliingia na vumbi lote la barabara ya Misima. Wakashuka wanawake na kanga zao mpya, wazee wanne, na Mzee Awadhi mbele, mwembamba, kofia imekaa sawasawa. Kwa Wazigua mjomba ndiye mwenye mtoto, na mzee yule alitembea kama mwenye mali aliyekuja kuichukua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mshambaa mtu wa kazi wewe, nimekuletea paja la mbuzi." Akapita hadi kwenye kiti. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mhina. Inuka, mwanangu, watu wako wakuone."

Mhina akatazama chini.

"Amechoka kidogo," Mama Loyce akadakia. "Alifanya mazoezi mengi jana. Tupige picha akiwa amekaa, halafu—"

"Achoke yeye, nami ndiye niliyesafiri? Inuka, baba."

Akamshika goti amhimize. Mkono ukasita. Akagonga kwa kidole, na sote tukasikia mlio wa chuma. Akagonga la pili, mlio ule ule.

"Akina mama, geukeni kule," akasema polepole.

Wakageuka. Akainua pindo la kanzu hadi magotini, akaangalia mikanda, nyaya na vyuma kwa muda mrefu, kisha akalishusha kwa adabu, akalinyoosha.

"Nani atanieleza?"

Ernesti alikuwa amegundua kwamba simu yake ina kazi nyingi sana. Mama Loyce akaanza habari za teknolojia na mapenzi ya Mungu. Nikamkata.

"Nitaeleza mimi, mzee."

Nikasema yote. Video, kanzu, andiko, elfu tisini, Gregori na Elina, hatua kumi na nne zilizobaki tatu. Nilisema mbele ya watu wote.

Mzee Awadhi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nimeelewa," akasema. "Nilikuja nikijua kwamba akitembea namchukua. Sasa hatembei, na bado namchukua. Siwezi kumwacha mtoto wa dada yangu kwa watu wanaomvisha chuma wakamwita mzima. Mpakieni."

Hivyo ndivyo ukweli wangu ulivyomsaidia Mhina, jamani. Uongo ulimkatia mchango, ukweli ukamkatia kitanda.

Chausiku akapiga magoti. "Mjomba, nakuomba. Imebaki miezi minne. Daktari alisema mwaka. Waliomshika zamani wapo, wako hapa hapa mjini, tuwatafute. Usiniulie mume!"

"Nani alituma ile video?" Mzee Awadhi akaniuliza mimi, kama hakumsikia. "Wewe? Huyu mama wa mihuri? Maana aliyeituma ndiye aliyetuchezea ukoo mzima."

"Sijui, mzee. Naapa."

"Niliituma mimi, mjomba."

Sote tukageuka. Mhina alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Wewe?"

"Nilikuwa nayo kwenye simu tangu siku ya uzinduzi. Niliituma Jumatatu, baada ya kusikia kwamba binti yako Maryamu amerudishwa nyumbani kutoka chuo cha ualimu kwa kukosa ada."



"Maksai wote wawili mmeuza," Mhina akaendelea. "Mwaka huu mmelima kwa jembe la mkono, na bado kila mwezi mnaleta. Na mimi miguu ni yangu, mjomba. Nilijua inarudi nyuma kabla dokta hajaja na hesabu zake za moja, mbili, tatu. Nikasema mtoto wa watu hawezi kukosa ualimu kwa ajili ya kiti changu. Nikajua mkiambiwa nimekata tamaa hamtakubali. Mkiambiwa nimepona mtafurahi, mtaacha wenyewe."

"Na ukifika nyumbani ukabebwa kushushwa garini?"

"Mngenikasirikia siku mbili. Mbuzi angekuwa ameshaliwa."

Hakuna aliyecheka. Chausiku alikuwa amemkazia macho mumewe, mdomo wazi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana kijana wa darasa la saba kutoka Misima alikuwa amepima gharama na faida kwa haki kuliko mimi na diploma yangu, na gharama aliyoamua kuikata ilikuwa ni yeye mwenyewe.

Mzee Awadhi akavua kofia, akajifuta uso nayo. Kisha akanijia mimi, akasimama karibu mpaka nikasikia pumzi zake.

"Kijana, wewe ndiye uliyekipigia kile chuma hesabu mpaka wazungu wakatoa milioni mia mbili na sitini."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nipigie na hii. Akibaki hiyo miezi minne, kwa mikono ya watu, wale wenzako wakirudi, atatembea au hatatembea?"

"Mzee, mambo ya uti wa mgongo—"

"Nyamaza. Nimebakiza ng'ombe mmoja, jike, ana mimba. Ukisema ndiyo, Jumatatu anapelekwa mnadani. Ukisema hapana, Maryamu anarudi chuo na huyu ninaye garini sasa hivi. Sitaki kusikia 'Mungu akipenda', hilo nalijua bila wewe. Nataka neno moja."

Nyuma ya bega lake Mama Loyce alikuwa ananitikisia kichwa, sijui kwa lipi. Chausiku alikuwa bado amepiga magoti. Mhina ameniangalia sawasawa, na katika uso wake niliona kabisa ni neno gani ananiomba niseme. Halikuwa lile alilolitaka mkewe.

Vitabuni jibu ni huenda. Wapo wanaotembea, wapo wasiotembea, na tatu si kumi na nne. Huenda si neno alilouliza mzee.

Nikasema neno moja, lile la Mhina, na Chausiku akaangua kilio.